Upande wa Pili wa Santuri

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa binadamu sauti kabla ya kumpa maneno, kwani mtoto hulia siku anayozaliwa na kusema huja baadaye. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu na kila anayefuata mwendo wake. Namshukuru Mola kwa umri huu, kwa pumzi iliyosalia, na kwa vidole hivi ambavyo vimekakamaa lakini bado vinakubali kalamu asubuhi, na gitaa jioni.

Mwanangu, umeniuliza mara nyingi imekuwaje sisi watoto wa duka moja la Karatu tumeimba pamoja tangu enzi za mkoloni mpaka leo wajukuu ndio wanaotubebea vyombo, ilhali vikundi vingi tulivyoanza navyo vilivunjika kabla nyuzi zao za kwanza hazijakatika. Nimekuwa nikikujibu kwa mzaha. Leo nitakujibu sawasawa. Nakumbuka siku moja ya harusi kule Kansay, siku niliyowabariki ng'ombe nikamsahau bibi harusi. Jibu lako limo humo.

Ila siwezi kufika Kansay bila kupitia dukani.

Baba yetu alikuwa Mrangi wa Kondoa. Alifika Karatu na cherehani moja na msahafu mmoja, akaoa binti wa Kiiraqw wa Kansay aliyesilimu kwa hiari yake, ndiye mama yetu, kisha akajenga duka la kwanza mtaani kwetu kuezekwa kwa bati. Watu walilisifia bati lile wakati wa kiangazi. Wakati wa masika lilikuwa balaa. Mvua ikianza kulipiga, mteja angeweza kusimama mbele ya pua yako akapayuka nawe usimsikie, na Baba alichoka kumpimia chumvi mtu aliyetaka sukari. Basi akanipanga mimi, Idi, kifungua mimba wake, nikae kaunta. Dada yangu Zuhura akamweka stoo nyuma, na mdogo wetu Shabani akamkalisha mlangoni juu ya debe la mafuta ya taa.

"Semeni kwa kuvuta," alituambia. "Neno fupi mvua inalimeza. Neno refu linaikaba."

Nikawa naita, "Sukariii, ratili mbiliii!" Zuhura anaitikia kutoka gizani kwenye magunia, "Ratili mbiliii, inakujaaa!" na Shabani anagonga debe kwa kisigino kumjulisha mteja kwamba mzigo wake uko njiani. Ulikuwa mwaka wa hamsini na tisa. Hatukujua kwamba tunaimba. Aliyetujulisha ni mama mmoja wa Kimasai aliyeshuka kutoka Ngorongoro kununua shanga. Mvua ilipokatika nasi tukanyamaza, alibaki amesimama mlangoni akamwambia Baba, "Mzee wa duka, kwa nini wanaacha? Mvua iende zake. Hawa waendelee."

Tukaendelea, mwanangu. Fundi mmoja wa barabara ya kreta ya Ngorongoro alipohamishwa kazi alimwachia Baba gitaa lake kwa sababu halikupata nafasi garini. Nikajifunza kwa kusikiliza redio na santuri za dukani, nikikosea mpaka Mama akaniomba nikakosee nyuma ya banda la kuku. Watu wakatuita Watoto wa Bati, na jina likakwama hapo. Baba alituruhusu kwa masharti yake mwenyewe. Adhana ikisikika, gitaa linanyamaza. Mwezi wa Ramadhani, gitaa nalo linafunga. Wapo msikitini waliosema hata hivyo haifai. Sikubishana nao wakati ule wala sasa. Namwomba Mungu anisamehe nilipokosea, na apokee palipokuwa na kheri.

Uhuru ulipokuja tulikuwa tumeshaimba Mbulu, Mang'ola, na kwenye hoteli ya ukingoni mwa kreta, ambako ukungu wa asubuhi ulinigandisha vidole hata nikawa napiga gitaa nimevaa soksi mikononi, nimezikata ncha. Mgeni mmoja aliyetusikia huko alikwenda kusimulia habari zetu Nairobi. Ikaja barua kutoka kwa mwenye studio ya kurekodi. Njooni, aliandika, na nyimbo mbili, kwa kuwa santuri ina pande mbili; na kila wimbo usizidi dakika tatu, kwa kuwa upande mmoja hauchukui zaidi.

Barua ile niliisoma mpaka ikachakaa kwenye mikunjo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Wimbo wa kwanza niliuchagua bila kufikiri: twisti niliyomtungia msichana mmoja wa Mang'ola, ambaye, kwa taarifa yako, hakunitazama hata mara moja. Kwa wimbo wa pili nilitaka kitu ambacho watu wa kwetu wakikisikia kwenye gramafoni waseme, hawa ni wetu. Hapo nikakumbuka baraka za wazee wa Kiiraqw.

Huenda hujawahi kuzisikia zikisemwa zote, kwa hiyo nikueleze. Penye harusi, au mvua ikichelewa, au ugonjwa ukipita, mzee husimama na kuomba kwa maneno yenye mwendo kama wa kutembea. Kila anapotua, watu wote huitikia kwa sauti moja nzito ya kifuani. Huanza na nchi, huja mvua, huja ng'ombe, huja nafaka, hatimaye wanadamu. Na ikishaanzwa, hakuna anayeondoka mpaka ifungwe. Hata mwenye haja atajibana.

Sisi tulizisikia tangu utoto kila tulipokwenda Kansay kwa Babu Akonaay, baba yake Mama. Ila, mwanangu, tulizisikia nusu. Watoto hawakulazimishwa kukaa, na kila mzee alipofika kwenye ng'ombe, sisi tulikuwa tumeshasikia harufu ya makande yakipakuliwa upande wa pili wa nyumba. Tukakimbia. Miaka yote ile sikuwahi kujua baraka inaishaje.

Nikaichukua ile nusu, nikaitia rumba tamu, nikaupima wimbo kwa saa ya ukutani dukani. Dakika tatu kasoro kidogo. Nikapiga makofi.

"Kaka," alisema Zuhura, "na mwisho wake?"

"Mwisho ndio huo. Tukitaja ng'ombe, gitaa linapanda, tunashuka, basi."

"Baraka haishii kwa ng'ombe. Twende tukamuulize Babu."

"Zuhura, tukienda kwa Babu atasema saa nzima! Santuri ni dakika tatu."

"Mimi sijasema turekodi saa nzima. Nimesema tukamuulize."

Nilimwambia akapange sabuni. Yeye alikuwa na miaka kumi na sita, mimi ndiye kaka, na barua ilikuwa na jina langu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami niliona kuuliza ndiyo ujinga wenyewe. Shabani alichezea debe lake tu. Siku zote alingoja aone nani atashinda.

Jumapili iliyotangulia safari yetu ikawa harusi ya Elizabeti, binti ya mjomba wetu, kwa Babu huko Kansay. Mpango ulikuwa mzuri. Tungeimba harusini, tungelala huko, na alfajiri ya Jumatatu tungepanda lori la mahindi ambalo lingepakia Kansay na kwenda moja kwa moja Arusha. Kutoka Arusha ni basi mpaka Nairobi. Jumatano studio. Mwenye studio alikuwa ameandika kwamba akitukosa siku hiyo, nafasi anampa mwingine.

Harusi ilifana. Watu walijaa mteremkoni kote, Wairaqw wa ukoo, majirani Wakristo wa kanisani kwa Elizabeti, sisi Waislamu wa Karatu tumetengewa maziwa yetu kwenye vibuyu vipya. Babu Akonaay alikuwa amekaa mbele na fimbo yake. Alimwona Zuhura akamwita kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mke wangu! Umekuja kunitazama au umekuja kuniimbia?"

"Nimekuja kukuimbia, mume wangu. Kukutazama nimechoka."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Tukaanza. Twisti yangu iliwarusha vijana hewani na kuwafukuza kuku. Kisha, jua likielekea kutua, nikasema moyoni, sasa. Nikaanza ule wimbo wa pili.

Neno la kwanza tu, watu waliacha kucheza.

Nilidhani hawakuupenda. Kumbe walikuwa wanasimama sawasawa. Wazee waliokuwa wamekaa wakainuka. Vibuyu vikawekwa chini. Akina mama wakafungua viganja vyao mbele ya vifua. Nilipotua, mteremko mzima uliitikia, sauti ile nzito, na nywele zilinisimama. Nikaita nchi, wakaitikia. Nikaita mvua, wakaitikia. Elizabeti alikuwa ameinamisha kichwa mbele yangu na shanga zake, akingoja jina lake lifikiwe. Nikaita ng'ombe, wakaitikia kwa nguvu kuliko mwanzo, gitaa likapanda, tukashuka.

Basi. Nikainama nipigiwe makofi.

Hakuna aliyepiga. Mamia ya watu walibaki wamesimama na mikono wazi, wananitazama. Nami nawatazama. Mbuzi alilia mahali fulani. Mama yake Elizabeti akashika mdomo.

Babu Akonaay aliniambia taratibu, bila ukali, na hilo ndilo lililoniuma. "Endelea, mjukuu wangu."

"Umekwisha, Babu."

"Nini kimekwisha?"

"Wimbo."

"Wimbo umekwisha, nimesikia. Nakuuliza baraka."

Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Huyu ameozesha ng'ombe!" na kicheko kikapasuka, lakini kilikuwa kifupi, na kilipokwisha niliona mama yake Elizabeti analia kwelikweli. Kwao halikuwa jambo dogo. Nchi imeombewa, mvua imeombewa, mifugo imeombewa, na aliyekuja kuombewa ameachwa mlangoni.

"Babu, maliza wewe," nilimwomba.

"Aliyefungua zizi ndiye anayelifunga. Mimi nitakufundisha maneno. Lakini jua linatua, na hatufungi baraka jua likiwa linaondoka. Hawa wote watalala hapa. Kesho asubuhi, jua likisimama juu ya ule mlima, utafunga."

Kesho asubuhi! Mwanangu, nilihisi lori linapita juu ya kifua changu. Nikageuka kumtafuta Baba, kwani nilijua Baba ni mtu wa mjini, mtu wa dini, ataniokoa. Alikuwa amekaa pembeni kwa adabu ya mkwe. Nikamsogelea nikamnong'oneza, "Baba, hii si dua yetu. Na lori linaondoka alfajiri."

Baba alifungua viganja vyake kama afanyavyo baada ya sala. "Idi," alisema, "nikikaa hivi msikitini, imamu akainuka akaenda zake kabla ya Amina, mikono hii niiweke wapi?"

"Lakini lori, Baba."

"Liende na mahindi yake. Wewe umewaita watu kwa Mungu, halafu ukawageuzia kisogo. Hilo halina dini ya kusingizia."

Ningekuwa na akili, hadithi ingeishia hapo. Lakini ujana ni moshi, ukienda haurudi, na wakati upo unakupofusha macho. Jioni ile lori liliwasili kupakia, likaegeshwa barabarani juu ya shamba. Dereva wake alikuwa Lohay, jitu la Mbulu lenye kofia ya kaki na sauti ya kuamsha mji. Nilipomweleza shida yangu alinicheka.

"Kwani studio wameita ukoo mzima? Wameita wimbo. Gitaa ni lako, sauti unayo. Saa kumi na mbili na nusu nawasha moto. Ukiwepo upo."

Nikalichukua gitaa, nikalisokomeza chini ya turubai kati ya magunia. Mwanangu, sijawahi kuandika neno hili popote, na Zuhura akilisoma atanicheka upya: nilikuwa tayari kwenda kujiimbia peke yangu sauti tatu tulizopewa na Mungu kwa pamoja.

Alfajiri tuliswali nyuma ya Baba kwenye nyasi zenye umande. Sala yangu ilikuwa ya midomo tu. Baada ya salamu ya mwisho Zuhura aliniegemea akauliza, "Kaka, gitaa liko wapi?"

"Lipo."

"Lipo wapi? Limeota miguu?"

"Nimesema lipo, Zuhura."

Alinitazama tu, kama anavyomtazama mteja anayedai alitoa noti kumbe alitoa sarafu. Nikaondoka kama naenda kunawa, nikapanda kijia cha kuelekea barabarani. Ili kufika lazima upite mbele ya nyumba ya Babu. Na hapo nje, mapema yote ile, alikuwa amekaa Elizabeti na akina mama wake, shanga zake mwilini kama jana. Hakuwa amezivua. Hakuwa amepelekwa kwa mume. Alikuwa anangoja.

"Kaka Idi," akaniita. Nilisimama. Uso wake ulikuwa umechoka, lakini alikuwa Elizabeti yule yule aliyekuwa akinisukuma mtoni. "Jana uliniacha zizini. Nimelala na ng'ombe, nanuka maziwa. Leo unitoe, au mume wangu aje achunge?"

Akina mama wakaangua kicheko. Nami nilicheka, na nilipokuwa nacheka nikajikuta siwezi kuinua mguu kuelekea barabarani. Sikujua aibu inaweza kumshika mtu kwa upole hivyo. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi nikamwambia, "Leo nakutoa, dada. Haki ya Mungu."

Jua liliposimama juu ya mlima watu walijipanga tena mteremkoni, wale wale wa jana. Sikuwa na gitaa. Babu Akonaay alisimama nyuma ya bega langu, ananitilia maneno sikioni, mimi nayatoa kwa sauti, watu wanaitikia. Alinianzisha kwenye ng'ombe nilipowaacha, tukaingia kwenye nafaka. Babu hakuwa na haraka yoyote duniani. Katikati ya mstari alisimama akajikuna mgongo kwa fimbo.

Huko juu lori likapiga honi. Watu, kwa mazoea ya kusubiri sauti, wakaitikia.

"Hata gari linasema na iwe hivyo," alisema Babu. "Endelea."

Honi ikapigwa tena, ndefu. Kisha nikaona kofia ya kaki inashuka mteremko kwa hasira, na chini ya kwapa la Lohay, gitaa langu. Zuhura aliliona. Shabani aliliona. Baba aliliona. Nilitamani ardhi inifunike.

"Wewe mtoto wa Bati!" alinguruma akiwa mbali. "Umenitilia ubao wako kwenye mahindi halafu huji? Mahindi hayangoji har..."

Hakulimaliza. Alikuwa ameshaingia kwenye duara la watu, na duara lilikuwa linaitikia. Lohay alikuwa Mwiraqw, na mama yake alimlea vizuri. Nilimwona mguu wake mmoja umeinuka unataka kurudi nyuma, kisha ukashuka taratibu. Mkono ukapanda kichwani, ukaivua kofia. Mara iliyofuata kinywa chake kiliitikia na wengine, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko zote. Sasa hata yeye hakuweza kuondoka mpaka baraka ifungwe. Na lori, mwanangu, haliondoki bila dereva.

Babu aliliona hilo, na nakuapia mzee yule alipunguza mwendo zaidi.

Tulifika kwa wanadamu. Nilimtaja Elizabeti kwa jina lake, na la mumewe, na watoto ambao walikuwa hawajazaliwa. Sauti ya mteremko ilipanda mpaka nikahisi nabebwa. Na mwisho, ule mwisho ambao kila mara nilikuwa nimeukimbilia makande, ulikuwa mfupi na mzuri kuliko yote. Kwa Kiswahili ungekuwa hivi: kila aliyekuja kwa miguu yake arudi kwa miguu yake, na ubaya uliomfuata uchoke njiani, usijue alikopitia. Wakaitikia, wakafunga viganja vyao, na hapo tu ndipo makofi yakaja.

Mama yake Elizabeti alinikumbatia hadi shanga zikaniachia alama shingoni. Lohay alivaa kofia yake. "Mmenikamata, Mzee," alimwambia Babu.

"Hatukukukamata. Ulikuwa unapita, baraka ikakukuta. Sasa wapeleke wajukuu wangu, na usiendeshe kama unafukuzwa."

Aliponiaga, Babu alinishika sikio, si kwa nguvu. "Sikuchukia gitaa lako," alisema. "Gitaa ni mti na nyuzi. Nilichukia wewe kuchukua nusu ya kitu kwa sababu kibuyu chako ni kidogo. Kibuyu kikiwa kidogo, mtu huleta kingine. Hamwagi maziwa."

Tulikaa juu ya magunia sisi watatu. Sikuweza kumtazama Zuhura. Tulipopita Karatu na bati letu likametameta upande wa kushoto, nilimwambia, "Nisamehe. Nilitaka kwenda peke yangu."

"Najua. Nilikuwa najua tangu usiku."

"Mbona hukumwambia Baba?"

"Nilitaka uone mwenyewe utaimba nini sehemu yangu ikifika." Kisha akasema lile neno lililotulisha maisha yetu yote. "Kaka, santuri ina pande mbili."

"Ndiyo. Baraka upande mmoja, twisti upande wa pili."

"Babu amesema kibuyu kikiwa kidogo, mtu huleta kingine."

Nilimwelewa, na moyo wangu ulikataa. Ilikuwa twisti yangu. Ilikuwa kazi yangu mwenyewe ya miezi mitatu, na msichana wa Mang'ola angeisikia redioni akajuta. Shabani, ambaye hakuwahi kuchagua upande, aligonga gunia kwa kisigino mara moja, kama vile dukani. Mzigo umetoka. Nikacheka, nikasema sawa.

Njiani mpaka Arusha, na ndani ya basi mpaka Nairobi, tulijifunza ule mwisho. Mwenye studio alilalamika. Alitaka nyimbo mbili na tumemletea mmoja mrefu kama reli. Zuhura akamwambia kwa heshima zote, "Bwana, wakiusikia upande wa kwanza, hawataweza kulala bila kuugeuza." Akacheka, akaturekodi.

Ikawa hivyo. Kuanzia Kansay mpaka Samunge, mpaka Soitsambu kwa wafugaji wa Loliondo ambao hata Kiiraqw hawakijui, upande wa kwanza ulipokwisha hakuna aliyethubutu kuiacha santuri hapo. Dereva aliyekuwa na haraka alingoja igeuzwe. Nimeona mtu Karatu amesimama mlangoni mwa duka na kuku wake chini ya kwapa, basi lake likiita, anasubiri upande wa pili. Elizabeti alizaa watoto, sasa ana vitukuu, na kila tunapokutana huniambia, "Kaka Idi, uliniombea ng'ombe kwanza, ndiyo maana watoto wangu wanakula sana."

Tangu siku ile hatukupanda jukwaani bila kuulizana, wote, na la Zuhura nalisikia kwanza. Miaka kadhaa baadaye alikuja bwana mmoja kutoka Dar es Salaam akamtaka Zuhura peke yake, aende akaimbe na bendi kubwa, aishi vizuri. Niliendelea kupima sukari, maana sikuwa na haki ya kumzuia. Zuhura alimmiminia chai akamjibu, "Bwana, mimi ni upande wa pili. Upande wa kwanza ni yule pale anapima sukari." Shabani ametangulia mbele ya haki, Mungu amlaze pema, na mjukuu wake sasa anakaa juu ya debe. Mvua ikianza kupiga bati lile la zamani, bado tunaitana.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mwenye kuwakusanya watu, kwa wimbo, kwa ahadi, kwa ndoa, kwa uongozi, amewafungulia jambo, na hana ruhusa ya kuinama apigiwe makofi wakati mikono yao iko hewani. Ukichukua cha wazee, kaa mpaka mwisho wake. Usikimbilie harufu ya chakula. Chombo chako kikiwa kidogo usikate kilichomo, tafuta kingine, hata kama nafasi yake ilikuwa ya kitu unachokipenda mwenyewe. Na mdogo wako akikuuliza "na mwisho wake?" usimtume kupanga sabuni. Haraka haraka haina baraka, walisema. Mimi nakuongezea kwamba baraka nayo haina haraka, na anayeingoja ataondoka nayo pamoja na lori.

Nami sithubutu kukuacha hapa bila kufunga. Mungu aipoze nchi unayoishi. Akunyeshee kwa kiasi, akuwekee chakula na wa kula nawe. Akupe ndugu wa kukuitikia ukiita, na masikio ya kuwaitikia wakiita. Ulikuja kwenye maneno haya kwa miguu yako. Urudi kwenu salama, na ubaya uliokufuata uchoke njiani, usijue ulikopitia.

Amina. Sasa funga viganja vyako.